Msafara wa Kilio Unapopita: Nani Asimame, Nani Apite?

Ndugu msomaji, wewe uliye Kindu unaijua vizuri sauti ile. Kabla hujaona msalaba, kabla hujasikia korali, unasikia klaksoni. Zinatoka mbali, upande wa morgi, nazo zinakuja zikiongezeka. Mama anayeuza mikate kando ya njia anavuta beseni lake karibu na ukuta. Mwenye duka anafunga mlango nusu. Watoto wanakimbia kutazama. Halafu pikipiki za kwanza zinatokea, tatu, nne, kumi, matawi ya miti yamefungwa mbele, vijana wengine wamesimama juu ya kiti, wengine wamelala kifudifudi kama watu wanaoogelea. Nyuma yao inakuja pikapu yenye sanduku, na watu wamejaa kandokando ya sanduku mpaka miguu inaning'inia nje. Ukiwa na kinga yako njiani, unaruka mtaroni. Hakuna aliyekuuliza. Kuna maiti.

Mimi pia nimepita hivyo. Nasema wazi tangu mwanzo, kusudi mtu asidhani kwamba naandika haya ili kuwahukumu vijana peke yao. Nilikuwa ndani ya pikapu ile, mbele, karibu na shofere, na Biblia juu ya magoti.

Ilikuwa mwaka 2023, wakati wa mvua. Tulikuwa tunamzika kijana mmoja wa kanisa letu, dereva wa pikipiki, wale tunaowaita wamotari. Alianguka na mzigo wake katika njia ya Kalima. Alikuwa na desturi ya kubeba bure wamama wazee siku ya Jumapili, na kwa hiyo kilio chake kilikuwa kikubwa. Wenzake walikuja zaidi ya arobaini. Walilia kweli, sikuona mchezo machoni mwao. Wakati wa kwenda, mambo hayakuwa mabaya sana, maana sanduku lilikuwa katikati, na wazazi, na wazee. Neno lilikuwa wakati wa kurudi. Mtu amekwisha kumzika ndugu yake, jua limempiga, hajala tangu asubuhi, na wengine (tusifichane) wamekunywa. Anarudi mjini na uchungu, na uchungu haujapata mahali pa kukaa. Kijana mmoja, labda wa miaka 17, alisimama juu ya kiti na kuachilia usukani kwa mkono mmoja. Saa ile ile msichana wa miaka 9 alikuwa anapanda kutoka mtoni na bidoni ya maji kichwani. Alikuwa amekiona kilio kikienda. Alijua kimekwisha kupita. Hakujua kwamba kitarudi, tena kwa mbio namna ile.

Hakufa, Mungu asifiwe. Mguu wake wa kuume ulivunjika mahali pawili. Wamotari walitawanyika kama kuku mbele ya mwewe. Shofere na mimi tulimbeba mtoto, tukamlaza pale pale ambapo saa moja mbele tulikuwa tumelaza sanduku, tukampeleka kwa waganga.

Siku ya tatu bibi yake alikuja kwangu. Hakuja na kelele. Aliketi, akanywa maji, akakaa kimya kidogo, halafu akaniuliza:

"Pasta, miye sikusoma. Ile sheria ya kupita bila kusimama, juu muko na maiti, nani aliwapatia? Ni leta? Ni kanisa? Iko wapi, na miye nisikie?"

Sikuwa na jibu. Katika shule ya Biblia nilifundishwa namna ya kuhubiri penye kaburi na namna ya kuwafariji wafiwa. Hakuna aliyenifundisha namna ya kutoka morgi mpaka kaburini.

Nilichokuta katika Kode

Basi nikaenda kumwona afisa mmoja wa polisi ya rulaji, mtu mpole, mwenye Kode ya barabara iliyopigwa fotokopi mpaka herufi zimekonda. Alinikopesha siku mbili. Ni Sheria namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978, iliyotolewa wakati nchi yetu ingali inaitwa Zaire. Jina lake ni Kode Mpya, na inaitwa mpya mpaka leo, ijapokuwa imenizidi umri mimi mwenyewe. Nyuma yake kuna mapatano ya mataifa juu ya mambo ya barabara, yaliyofanywa katika mji wa Vienna, nchi ya Austria, tarehe 8 Novemba 1968. Zaire ilijiunga na mapatano hayo mwaka 1977, yaani mwaka mmoja kabla ya Kode.

Katika mapatano ya Vienna kuna fungu la 26, fupi sana. Linamkataza kila mtu anayetumia barabara kukata katikati ya safu ya askari wanaotembea, ya watoto wa shule wanaoongozwa na mkubwa wao, na ya misafara mingine. Hapo ndipo kilio kinapopata haki yake. Lakini tazama vizuri haki hiyo inakaa pamoja na nani: pamoja na watoto wa shule. Haikutolewa kwa sababu maiti ni mfalme wa njia. Imetolewa kwa sababu kundi la watu wanaotembea pamoja, likikatwa katikati, linakuwa hatari. Wa nyuma wanakimbia ili wawafikie wa mbele, hawatazami kushoto wala kuume, na motokari iliyoingia katikati inashindwa kutoka. Sheria inakataza msafara usikatwe. Niliitafuta sana ile sheria ya pili, inayosema kwamba msafara uweze kukata watu, na sikuiona.

Afisa alicheka nilipomwambia hivyo. Alisema: "Baba Mchungaji, watu wanajua nusu ya sheria, ile nusu inayowapendeza."

Mambo mengine niliyoyakuta yalinishangaza, maana tunayafanya kinyume kila juma. Mtu anayetembea peke yake kwa miguu katika barabara anapaswa kushika upande wa kushoto, kusudi aone motokari zinazokuja mbele yake. Hilo watoto wetu wanafundishwa. Lakini watu wanaokwenda kama msafara, au kundi lenye kiongozi, wanashika upande wa kuume, upande ule ule wa motokari zinazokwenda njia moja nao. (Ninyi mnaosafiri Tanzania, Kenya ao Uganda, mkumbuke kwamba kule motokari zinashika kushoto, kwa hiyo geuzeni maneno haya.) Msafara haupewi barabara nzima. Unapewa upande wake. Korali inayotandaza mikono kutoka mtaro mpaka mtaro haina ruhusa hiyo.

Usiku, msafara unaotembea barabarani unapaswa kuwa na taa upande wa katikati ya njia: nyeupe ao ya manjano hafifu mbele, nyekundu nyuma. Mara ngapi tumezika jioni kwa sababu ndugu fulani alichelewa kufika na treni ao na ndege, tukarudi gizani na simu mbili tatu zinazomulika miguu yetu wenyewe?

Klaksoni nayo ina fungu lake, la 28. Ni ya kuonya watu ili ajali isitokee, na nje ya mji inaweza kumwambia mwenzako kwamba unataka kumpita. Haikuwekwa kwa kulia. Na juu ya motokari zinazopewa njia mbele ya wote, sheria inasema za namna gani: zile zenye taa maalum na sauti maalum, kama za polisi, za wazima-moto na za wagonjwa. Zikitoa alama hiyo, kila mtu anazipisha, tena anasimama kama ni lazima. Hata shofere wa motokari ya namna hiyo haruhusiwi kuhatarisha wengine. Pikipiki ya rafiki wa marehemu, hata ikifungwa matawi kumi, haigeuki kuwa motokari ya polisi. Pikapu yenye sanduku pia haigeuki. Kama familia inataka kusindikizwa kwa alama za kweli, iwaombe polisi, na polisi akiinua mkono njia panda, mkono wake unapita kibao na unapita desturi. Hata kilio kinasimama.

Hapa afisa aliniuliza swali ambalo sikulitazamia. "Na mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, akikutana na kilio chenu?"

Nikanyamaza. Ikiwa yuko ndani ya motokari ya wagonjwa yenye sauti yake, jibu ni rahisi, msafara unafungua njia kama watu wengine wote. Lakini Kindu wamama wengi wanakwenda kuzaa juu ya pikipiki, katikati ya motari na dada yao. Pikipiki ile haina sauti maalum. Mbele ya Kode haina haki ya kukata msafara. Mimi nimeona, kwa macho yangu, pikipiki ya namna hiyo imezuiwa na vijana wenye matawi, wakimfokea motari kwamba hana heshima kwa maiti, na mama anauma kitenge chake. Ndiyo sababu nasema msafara unahitaji kiongozi anayeweza kusema neno moja, "Mpisheni," na watu wakamsikia. Kode haikumlazimisha. Yeye mwenyewe anaona.

Kichwa cha msafara

Watu wa mbele ndio wenye kazi. Njia panda zetu nyingi hazina taa, na desturi ya sheria kwetu ni kwamba anayetoka kuume anapita kwanza. Kwa hiyo motokari ya kwanza ya kilio inakuja njia panda sawa na motokari nyingine yoyote: inapunguza mwendo, inatazama, inampisha anayetoka kuume. Ikiisha kuingia na watu wakaifuata, hapo wengine wanangoja mpaka wa mwisho apite. Katika majimbo mengi ya Marekani wameliandika jambo hili wazi katika sheria zao za vilio. Motokari ya kwanza inatii taa. Ikiwa imeingia kwa taa ya kijani, zile zinazoifuata zinaweza kupita hata taa ikigeuka nyekundu, lakini ziwe zimewasha taa zao za mbele na ziwe karibukaribu, tena kila shofere abaki mwangalifu. Kwetu sheria ya namna hiyo sijaiona, lakini akili yake ni njema: kichwa kinatii, mwili unafuata.

Sasa fikiri msafara ambao kichwa chake ni pikipiki ishirini zinazokimbia nusu kilometa mbele ya sanduku. Nani ataujua mwisho wake? Motokari inayotoka kuume inaona pikipiki zimepita, inadhani kilio kimekwisha, inaingia, na inakutana na korali.

Na njia ya treni: treni haipishi kilio. Hapo Kindu tumeizoea njia ya SNCC mpaka tunatembea juu yake kama uwanja, kwa sababu siku nyingi hakuna kinachopita. Msafara usiingie juu ya reli kama hauna nafasi ya kutoka ng'ambo. Nasema mara moja tu, maana kila mtu anajua, na kila mtu anasahau.

Wala tusidhani kwamba ni Kindu tu. Jirani zetu wa mashariki wamelia kuliko sisi. Usiku wa tarehe 3 Februari 2023, huko Korogwe, Tanzania, basi dogo lililobeba maiti na wafiwa kutoka Dar es Salaam kwenda Kilimanjaro liligongana na lori. Watu 17 walikufa, na hesabu ikapanda siku zilizofuata. Tarehe 8 Agosti 2025, katika mji wa Kisumu, Kenya, basi lililokuwa linawarudisha watu kutoka mazikoni lilianguka penye mzunguko wa barabara, na zaidi ya watu 20 walikufa. Kisumu walikuwa wanarudi. Nilipoisikia habari ile nilimkumbuka yule msichana na bidoni yake.

Maiti kutoka karieri

Ninyi wa Kalima, wa Kailo, wa Punia, wa Kampene, najua mnajiuliza, huyu pasta anasema motokari, motokari, na kwetu motokari iko wapi? Wazee wanaokumbuka siku za SOMINKI, kampuni iliyoundwa mwaka 1976, wanajua kwamba kambi ilikuwa na kamyo zake na njia zake. Siku hizi mchimbaji akifunikwa na udongo katika shimo, mwili wake mara nyingi unatoka porini kwa pikipiki. Tumeona namna yake. Anafungwa kwa kamba, anaketishwa katikati ya motari na ndugu yake kama mtu mzima anayesafiri, amefunikwa kofia na koti. Motari analipwa zaidi, na anakimbia, kwa maana anaogopa, na kwa maana njia ni ndefu na madaraja ni miti miwili.

Sitawalaumu watu maskini. Lakini nimewaona wamotari waliofanya safari ile, na mmoja aliniambia kwamba mwili mzito ulimvuta upande penye utelezi, akaanguka pamoja nao, na ndugu wa marehemu akavunjika mkono. Kama hakuna njia nyingine, mwili ulazwe, usiketishwe: tipoyi ya miti na mablanketi, watu wanane wanaobadilishana, ao kinga mbili zilizounganishwa kwa miti na kusukumwa taratibu. Wachimbaji wenyewe wanajua kazi hii kuliko mimi, wanabeba mifuko ya kasiterite kila siku. Mtu mmoja atangulie kwenye kona akiwa na kitambaa cheupe, mwingine abaki nyuma. Pikipiki zinazokuja na mizigo zitaona kitambaa kabla hazijaona maiti. Tena karatasi za ruhusa zichukuliwe kabla ya kutoka, maana familia isiyo na karatasi inachelewa kwenye vizuizi, na familia iliyochelewa inatembea usiku.

Upande wa Alunguli kuna shida nyingine, mto. Lualaba haina kushoto wala kuume. Watu wa bandarini wana desturi njema, wanauacha mtumbwi wenye sanduku uondoke kwanza, na wachuuzi wanangoja na mihogo yao bila neno. Lakini kwa kuwa kila mtu anataka kuvuka pamoja na marehemu, mtumbwi wa watu 20 unapokea 35, na korali inaimba imesimama. Wafiwa wachache wavuke na sanduku, wameketi. Wengine wangoje mtumbwi wa pili. Marehemu hataondoka kaburini kabla hawajafika.

Neno la Mwanzo 50

Baada ya afisa kunirudishia mawazo yangu, nilifungua Biblia, nikasoma habari niliyoihubiri mara nyingi bila kuiona. Ni mazishi ya Yakobo, katika Mwanzo sura ya 50. Ule ni msafara wa kilio mkubwa kuliko yote ninayoijua: kutoka Misri mpaka Kanaani, na wazee wa Farao, na magari, na wapanda farasi. Ni wasindikizaji kamili! Na kuna neno dogo ndani yake. Watoto wao wadogo waliwaacha katika nchi ya Gosheni. Hawakuwaweka mbele ya farasi. Tena walipofika penye kiwanja cha kupuria nafaka cha Atadi, walisimama, wakalia hapo siku saba, kilio kikubwa hata wenyeji wa nchi wakashangaa. Kisha wakaendelea na safari. Walikuwa na mahali pa kulia na walikuwa na wakati wa kutembea, wala hawakuvichanganya.

Na huko Naini, katika Luka sura ya 7, makundi mawili yalikutana penye lango la mji, moja likitoka na maiti, moja likiingia na Yesu. Alipoligusa jeneza, wale waliolichukua walisimama. Walikuwa wanatembea kwa mwendo ambao mtu anaweza kusimama.

Ndugu zetu Waislamu, ambao ni wengi hapa Maniema tangu siku za Kasongo ya zamani, wanazika kwa haraka kuliko sisi. Lakini haraka yao ni ya miguu. Jeneza linapita kutoka bega mpaka bega, na kila anayekutana nao anasimama ao anaingia kubeba hatua chache. Sijasikia kwamba jeneza lao limemvunja mtu mguu.

Chini ya mwembe

Jumapili moja baada ya ibada niliwaita wamotari chini ya mwembe ulio nyuma ya kanisa. Walikuja kama kumi na watano. Yule kijana aliyemgonga mtoto alikuwa kati yao, ameketi nyuma kabisa. Familia yake ilikuwa imekwisha kulipa sehemu ya gharama za waganga, na kanisa lilisaidia sehemu, hayo tuliyamaliza kwa wazee. Niliwasomea mambo ya Kode. Walisikia mpaka nilipofika kwa klaksoni. Hapo mmoja alisimama.

"Pasta, weye uko na korali. Mama ya marehemu iko na machozi. Siye sauti yetu ni klaksoni. Ndugu yetu alikufa kazini, na tukimpeleka kimya, watu watasema tumemuzika sawa vile mbwa."

Wengine wakaitikia: "Ni kweli! Ni kweli kabisa!"

Nakiri kwamba neno lile lilinipata. Watu hawa wanadharauliwa kila siku. Polisi anawasimamisha, abiria anawakatalia bei, kamyo inawasukuma mtaroni. Siku ya kilio ndiyo siku moja ambayo mji mzima unawapisha. Nikiwaambia tu nyamazeni, nimechukua hata hiyo. Sikuwa na la kujibu, nikasema tuombe, ambayo ni njia yetu wachungaji ya kupata nafasi ya kufikiri.

Baada ya amina, aliyesema ni motari mmoja mwenye umri, mwenye kofia ya kinga kichwani hata pale chini ya mwembe. Alisema: "Wakati esanse iliisha mjini, tulisukuma pikipiki kwa mikono, kilometa na kilometa. Tulisukuma juu ya makuta. Hatuwezi kusukuma juu ya ndugu yetu?"

Mimi nilikumbuka mstari mmoja katika mapatano ya Vienna nilioupita haraka. Mtu anayesukuma pikipiki kwa mkono barabarani anashika upande wa kuume, pamoja na msafara. Anahesabiwa na watu wa miguu. Kumbe sheria ilikuwa na nafasi yao tayari.

Tulizungumza mpaka jua likashuka. Tulipatana kwamba mashine zote zizimwe kuanzia morgi, wasukume nyuma ya sanduku, wawili wawili, upande wa kuume. Pikapu iende kwa mwendo wa mwanamke mzee, na juu yake wakae wazazi tu, wameketi. Mzee mmoja atangulie na kitambaa cheupe, mwingine afunge nyuma na kitambaa chekundu, kusudi watu wajue mwanzo na mwisho. Vijana wawili wasimame kila njia panda, si kuwafokea watu, ila kuwaonyesha. Watoto wa shule wasitangulie. Polisi ya rulaji waarifiwe siku moja mbele. Juu ya pombe tuligombana, na hatukuimaliza. Juu ya klaksoni waliomba kitu kimoja: mara moja tu, wote pamoja, ndani ya uzio wa makaburi, wakati sanduku linaposhuka. Nilitazama Kode, nikatazama nyuso zao. Makaburi si barabara, nikajiambia, nikanyamaza.

Mwaka 2024 tulimzika fundi mmoja wa pikipiki, mtu ambaye karibu kila motari wa Kindu alikuwa na deni kwake. Nilitembea mbele kwa miguu, mimi na mzee wa kitambaa. Nyuma ya sanduku zilikuja pikipiki karibu 60, zimezimwa. Hukusikia kitu ila korali, na minyororo inayolia kidogo, na viatu. Watu walitoka majumbani, maana walikuwa hawajaona jambo la namna hiyo. Penye njia panda kubwa kamyo moja iliyotoka Kalima, imejaa mifuko, ilisimama upande wetu wa kuume. Nilisimama mimi, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kupita kwanza. Shofere alinitazama, akatazama nyuma yangu, akazima mashine. Alivua kofia. Ilituchukua muda mrefu kupita, na hakupiga klaksoni, wala watu waliokuwa juu ya mifuko hawakusema neno.

Mbele kidogo, mlangoni mwa nyumba yao, yule bibi alikuwa amesimama na mjukuu wake. Mtoto anatembea sasa, anavuta mguu kidogo kukiwa na baridi. Bibi alimshika bega mpaka kitambaa chekundu kilipopita. Halafu akaingia naye ndani.

Kaburini walipiga klaksoni mara moja, kama tulivyopatana. Baadaye, penye lango, wamotari waliwasha pikipiki moja moja, si pamoja, na kila mmoja akashika njia yake ya kwenda kazini.